Nilipomshauri Atupele Atumie Limau

Kazi hii imenigharimu jozi tisa za gambuti, miavuli kumi na minne, goti la kushoto, na rafiki mmoja wa sokoni aliyechoka kunisubiri. Gambuti nimezihesabu mara mbili. Miavuli nimeihesabu mara tatu, kwa sababu mitano niliisahau kwenye nyumba za watu, na mtu wa Tukuyu akishaokota mwavuli, huo ni wake tangu kuzaliwa. Posho sitaizungumzia; iliyofika na ambayo haikufika, zote zimekwisha. Vyeo hatukuwa navyo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaanza akiwa mhudumu na kumaliza akiwa mhudumu, ila mwenye goti bovu.

Nimekabidhi rejista yangu ya zamani na begi kwa binti anayeitwa Bahati. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mama Rehema, andika basi, tusije tukarudia makosa yako." Nikamwambia makosa yangu ni mengi, anataka la ngapi. Akasema lile kubwa. Basi naandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu mnaoanza, lakini nitaanza mwanzo. Kosa likisimuliwa bila mwanzo wake linamchekesha mtu tu, halimfundishi.

Kabla ya afya niliuza ndizi. Nilinunua mikungu Lufingo na Ikuti nikaishusha sokoni Tukuyu. Kila mkungu nilihesabu chane zake shambani, nikazihesabu tena sokoni, maana njiani ndizi huota miguu. Baba yangu alikuja huku na cherehani yake, akakaa kibarazani kushona, ndivyo tulivyokuwa miongoni mwa Waislamu wachache wa mji huu. Mimi nikaolewa Lufingo. Kwa hiyo nilikuwa na mguu mmoja sokoni na mwingine kwenye matope ya mlimani, na mdomo wa kutosha kote kuwili.

Siku kijiji kilipochagua wahudumu, mwenyekiti alisema anataka mtu anayeingia kila nyumba bila kufukuzwa na mbwa. Sauti ikatoka nyuma: "Mchukue Mama Rehema. Hata mbwa anapatana nao." Watu wakacheka, mikono ikainuka, nikawa mtumishi wa afya. Sikuulizwa kama nataka. Nilipojaribu kupatana, mwenyekiti alikuwa ameshafunga daftari.

Siku ya kwanza nilifika zahanati na mwavuli, kalamu mbili na kiburi. Sista Neema, muuguzi aliyeendesha kliniki ya wajawazito peke yake, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza. Hakunihutubia. Alinipa kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akanielekeza kitandani kwa mama mmoja mchuma chai, akaniambia niiname, niweke sikio.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Sista."

"Acha kuhema kama umepanda mlima. Sikiliza tena."

Nikabana pumzi. Ndipo nikasikia. Kwa mbali, haraka haraka, kama saa ndogo iliyofungwa ndani ya kanga. Nilianza kuhesabu nikapotea hesabu, jambo ambalo halikuwahi kunitokea sokoni. Nilipoinua kichwa, yule mama akaniuliza, "Yumo?" kana kwamba mimi ndiye niliyemweka. Nikasema yumo. Akafunga macho, akacheka bila kutoa sauti.

Kila Sista aliponiruhusu nilisikiliza tena. Miaka yote hiyo sikuizoea sauti ile. Ni mtu mzima kabisa mule ndani, ana haraka zake, hajui kama nje kuna mvua. Siku mtakayoizoea, rudisheni begi.

Sista Neema alikuwa na kanuni moja. Mjamzito unamuuliza mara mbili. Mara ya kwanza unauliza wazi, "Kuna nini kipya mwilini?" halafu unanyamaza, kwa sababu ukianza na orodha atajibu hapana, hapana, hapana, ili uondoke akapike. Mara ya pili ndiyo unataja dalili za hatari moja moja kwa jina lake: kichwa kuuma sana, macho kuona maluweluwe, uso kuvimba, homa, damu, mtoto kuacha kucheza. "Swali la kwanza linafungua mlango," alisema. "La pili linahesabu waliomo ndani." Kwa mtu anayehesabu chane mara mbili, kanuni hiyo ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo changu. Ndiyo maana siku niliyoivunja sina utetezi.

Miaka ya mwanzo kazi kubwa ilikuwa kupatana. Mwanamke aliyewahi kupasuliwa, au mwenye mapacha, au binti ambaye mwili wake haujakomaa, hatakiwi kusubiria uchungu huku juu, ambako mvua ikikaza pikipiki hazipandi. Anatakiwa ashuke mapema, akae karibu na hospitali. Waume walinipa bei ya chini.

"Siku mbili," aliniambia bwana mmoja wa Lupepo, mkewe ana mapacha.

"Wiki tatu."

"Siku tatu. Nani atapika hapa?"

"Una mikono mingapi, baba?"

"Mama Rehema, hii mikono ni ya jembe."

"Na mwiko una mpini vilevile. Wiki mbili na nusu, na mdogo wake mkeo atakuja kupika. Nimeshaongea naye."

"Umeongea naye kabla yangu?"

"Mimi hukagua mkungu kabla ya kutaja bei."

Tulipatana wiki mbili kamili. Mapacha wale sasa wananisalimia kwa pamoja nikipita, na hadi leo sijui yupi ni yupi. Nawahesabu tu: wawili, sawa, naendelea na safari.

Sasa Atupele.

Aliolewa Lufingo akiwa na miaka kumi na tisa. Mumewe, Gwakisa, alifanya kazi za ujenzi Mbeya na kurudi mwisho wa mwezi. Binti alibaki na mama mkwe, ambaye sote tunamwita Mama Gwakisa, na baba mkwe, mkulima mrefu mkimya ambaye hakuwa amefika sitini, aliyeitwa Damsoni. Jina lake alilipenda. Alikuwa amelichonga kwenye mpini wa jembe, amelipaka rangi nyeupe mlangoni kwa herufi kubwa, na enzi zangu za biashara kila mkungu aliouniuzia aliukwaruza jina hilo kwa msumari, nisije nikaubadilisha njiani. Nilimheshimu kwa hilo.

Kwa wasiotoka kwetu niseme kidogo. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawakutani. Wenyewe wanaita ukutila, yaani hofu ya heshima. Binti hapiti alipo baba mkwe, hamtazami, hazungumzi mbele yake. Wakigongana njiani, mmoja anaingia migombani hadi mwenzake apite. Vijana wengi wamelegeza siku hizi, lakini nyumba ile haikuwa imelegeza hata fundo moja. Haya niliyajua. Sikuyaishi, kwa sababu nilipoolewa baba mkwe wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilijua kwamba heshima ile inakaa miguuni na machoni. Sikujua kwamba inafika hadi kwenye silabi.

Mimba ya Atupele ilikuwa na miezi minane. Nilimkuta nyuma ya nyumba, chini ya migomba, panga mkononi, akikata majani. Ukungu ulikuwa umeshashuka na wingu lilikuwa limekaa vibaya upande wa mlima. Nilikuwa bado na nyumba tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini kipya mwilini?"

Alitazama chini, akachukua muda. Kisha akasema polepole, "Nguo imeshika utomvu, mama."

"Mwingi?"

"Kidogo. Jana, na leo asubuhi."

Nikatazama panga, nikatazama migomba. Hakuna kitu ninachokijua kama utomvu wa mgomba. Unaingia kwenye nguo kama maji, unageuka rangi ya kutu, na hautoki hadi nguo inachanika. Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu, "Uwahi na limau na chumvi kabla haujakauka. Ukishakauka, nguo hiyo ifanye ya shambani."

Alininyanyulia macho mara moja, kama mtu aliyekukabidhi kitu kisha akakuona unakiweka chini. "Ndaga, mama," akasema. Asante.

Matone yakaanza. Nikaandika kwenye rejista "hana dalili", nikafungua mwavuli, nikaenda. Swali la pili sikuliuliza.

Siku ya tano, mchana, jirani yao alikuja mbio kuniita. Nilimkuta Atupele amelala mkekani, uso umepauka, kanga ya tatu chini yake imelowa. Alikuwa hasikii maumivu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu Sista Neema alikuwa ametufundisha kwamba damu nyingi isiyo na maumivu, mimba ikiwa kubwa, huenda kondo la nyuma limekaa mlangoni.

"Ni ule utomvu, mama," Atupele akaniambia. Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa ananikumbusha tu, kwa adabu, kama mtu anavyomkumbusha mgeni kwamba chai iko mezani.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama Gwakisa, hii imeanza lini?"

"Kwani hakukwambia? Yeye kaniambia alikwambia, ukampa dawa ya limau. Nikasema labda ndiyo ya siku hizi."

"Aliniambia utomvu."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Mama Gwakisa, utomvu ni utomvu."

Akaniinamia sikioni, maana hakutaka binti asikie. "Baba mkwe wake anaitwa nani?"

Nikalitaja jina kimoyomoyo. Damsoni. Kisha nikalitaja neno ambalo nilitakiwa kuliuliza chini ya ile migomba. Damu. Maneno mawili yanayoingilia mlango mmoja.

Mke anayeshika ukutila kwa dhati hatamki jina la baba mkwe, wala neno linaloanza kama jina hilo. Anatafuta lingine la kuweka mahali pake. Tangu siku ya kwanza kwenye nyumba ile Atupele alikuwa akiita damu utomvu: akijikata kidole ni utomvu, mbuzi akichinjwa ni utomvu. Nyumba nzima ilijua. Aliyekuwa hajui ni mtu aliyepewa gambuti ili ajue.

Nilipiga simu. Gari la kubebea ndizi lilikuwa darajani, haliwezi kupanda zaidi, njia imekuwa uji. Kutoka nyumbani hadi darajani angebebwa kwa machela, na machela ya kijiji ina pembe nne. Wanaume tuliowapata ni majirani watatu. Wengine wote walikuwa mashambani wakichuma chai. Wa nne alikuwa Mzee Damsoni mwenyewe, amesimama ndani ya migomba, mgongo ametupa sisi, kama inavyotakiwa.

Nikamfuata. "Baba, tunahitaji mtu wa nne."

Hakugeuka. "Tafuta mwingine."

"Nimeshatafuta."

"Mama Rehema, unajua unaniomba nini?"

"Najua. Nakupa pembe ya nyuma, upande wa kichwa chake. Hatakuona. Uso tutaufunika kanga."

"Atanisikia."

"Hutaongea."

"Nitaguna. Nikibeba mzigo huwa naguna, kila mtu anajua."

"Basi leo hutaguna."

Akashika shina la mgomba. Nimepatana na watu wengi, na najua tofauti ya mtu anayetaka kupunguziwa na mtu anayetaka kuruhusiwa. Huyu alitaka ruhusa, na mimi sikuwa nayo. Mama Gwakisa alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Alisema bila kupaza sauti, "Baba Gwakisa, shika machela."

Akashika.

Kuna kona kumi na saba kutoka pale hadi darajani. Nimezihesabu kushuka, na siku nyingine nimerudi kuzihesabu kupanda. Mimi nilitangulia mbele ya machela, naangalia njia, narudi kumgusa binti mguu nione kama bado ana joto. Mzee hakuguna. Kwenye kona ya tisa aliteleza, goti likapiga jiwe, nikasikia mfupa, lakini pembe yake ya machela haikushuka hata kidole kimoja. Mdomo ulikuwa wazi, mishipa ya shingo imesimama, na hakuna kilichotoka. Majirani watatu wote waliguna kwa zamu, na mmoja wao aliwataja mababu zake hadi wa nne. Yeye alikwenda kimya njia nzima, macho kwenye mabega ya mtu wa mbele, kama mtu aliyebeba maji yasiyotakiwa kutikisika.

Nimeuona mlima Rungwe ukitoka ghafla kwenye mawingu asubuhi, nikasimama na kikapu kichwani nikasahau nilikokuwa nakwenda. Sikuwahi kusimama hivyo kwa ajili ya binadamu hadi siku hiyo, ila siku hiyo kusimama haikuwezekana.

Hospitalini walimkimbiza chumba cha upasuaji. Ilikuwa kama Sista alivyofundisha, kondo lilikuwa limeziba njia. Wakasema anahitaji damu, na ndugu wajitolee kurudishia itakayotumika. Mzee Damsoni akakunja mkono wa shati kabla sentensi haijaisha. Nilikaa naye wakati wanamtoa damu.

"Hii inakwenda kwake moja kwa moja?" akamuuliza mtaalamu wa maabara.

"Hapana, baba. Yeye tumeshampa iliyokuwepo benki. Hii yako itamfaa mgonjwa mwingine."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Vizuri. Mpeni mtu wa mbali," akasema. "Wa Kyela huko."

Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi, yeye na soda aliyopewa, hajaifungua. Mtoto alikuwa ameshatoka, msichana, mdogo kama paka aliyenyeshewa, analia kama mwenye kesi. Mama yake alikuwa bado hajazinduka, na daktari alisema maneno mawili tu, "tumuombee", ambayo mtu mwenye uzoefu wa wodi hayapendi. Mama Gwakisa alikuwa ndani. Gwakisa alikuwa njiani anatoka Mbeya. Nikaona hakuna saa nyingine. Nikamwambia mzee kila kitu: utomvu, limau, chumvi, mvua, swali la pili. Sikupunguza bei.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo alisema."

"Alisema, baba."

"Kwa adabu."

"Kwa adabu."

"Na hiyo adabu ni ya jina langu."

"Kosa ni langu. Kama ningeuliza mara ya pili..."

"La kwako ni lako, libebe. Mimi nazungumzia la kwangu."

Akaitazama pamba iliyobandikwa mkononi mwake. "Damu wameshachukua," akasema. "Wachukue na ile Dam ya mbele. Kuanzia leo naitwa Soni."

Nilidhani anatania. Soni ni haya, ile aibu ya mtu mwenye adabu. "Baba, hilo si jina la mtu."

"Ndilo lililobaki."

Atupele alizinduka kesho yake, jua limeshatoka. Jambo la kwanza aliuliza mtoto kama yumo. Nikamwambia hayumo tena, yupo. Nikatoka nje nikasema Alhamdulillahi, nikasema tena, kwa sababu mambo yangu yote nayafanya mara mbili isipokuwa lile moja.

Mzee aliporudi nyumbani alichukua kisu akakwaruza herufi tatu za mwanzo mlangoni. Kwenye mpini wa jembe hazikufutika, akauchoma moto na kuchonga mwingine. Kisha akasimama kwenye mkutano wa kijiji, mtu ambaye hakuwahi kuzungumza mkutanoni, akasema jina lake jipya na kukaa. Hakueleza sababu. Watu wa Lufingo hawawezi kuacha jambo kama hilo lipite.

"Mzee Soni, hiyo Dam umeiuza wapi?"

"Nimeiacha hospitali."

"Wakakupa nini?"

"Soda."

Wakacheka wiki nzima, na wakicheka wakawa wanalitaja jina jipya, na kwa kulitaja wakalizoea. Sijui kama alilipanga hivyo. Ningekuwa mimi ningelipanga hivyo.

Mtoto alipofikisha wiki sita nilikwenda kumtembelea Atupele. Nikauliza swali la kwanza. Kisha nikauliza la pili, dalili moja moja, na nilipofika kwenye ile yenyewe nikaitaja wazi, nikasubiri. Mzee alikuwa upande wa pili wa nyumba analima. Tulisikia jembe lake likisimama. Atupele akamweka mtoto vizuri begani. Akalitamka kama mtu anayekanyaga daraja ambalo fundi bado yuko juu yake: "Damu... imekoma, mama."

Jembe likaendelea.

Mambo mengine yote ya ukutila yalibaki kama yalivyokuwa. Hawakuwahi kutazamana, hawakuwahi kusalimiana. Alichotoa mzee yule ni silabi moja tu, na sijawahi kuona mtu akitoa kikubwa zaidi.

Tangu hapo nilibadili namna ya kufanya kazi. Nikiingia nyumba yenye mke mgeni, kabla ya kuuliza kuhusu tumbo niliuliza majirani jina la baba mkwe, kisha nikakaa na binti anieleze ni maneno gani ameyaweka pembeni na badala yake anatumia nini. Niliyaandika kurasa za mwisho za rejista. Mmoja baba mkwe wake alikuwa Majaliwa, kwa hiyo hakusema maji. Alisema "ya mtoni". Siku aliponiambia ya mtoni yamemwagika na hajaenda kisimani, nilijua chupa imepasuka, nikaita pikipiki. Mwingine hakuweza kusema kichwa, akasema "juu kwangu panagonga". Presha yake ilikuwa ya kutisha, na alifika hospitali kabla ya kifafa cha mimba. Sista Neema aliziona kurasa zile siku moja alipokuwa anakagua. Alisoma zote, akarudia, akasema, "Mimi nilifikiri swali la pili linatosha." Kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa mno, nikashindwa kulala vizuri.

Bahati ameingia kazini wakati rejista iko ndani ya simu. Simu ina vitufe vya ndiyo na hapana. Haina kurasa za mwisho. Nimempa daftari la pembeni, na analitumia, kwa kuwa ni binti anayesikia. Lakini kuna jambo ambalo amelileta kwangu na mimi sina jibu, ndiyo sababu ya kweli ya kuandika haya.

Mzee Soni alifariki msimu huu wa mvua. Atupele ana mimba ya pili, miezi saba, na kwa kuwa alishapasuliwa, yuko kwenye orodha ya kuangaliwa kwa karibu. Kushuka mapema karibu na hospitali amekubali, na Gwakisa amekubali, hilo tumeshapatana na limekwisha. Shida ni nyingine. Wazee wa ukoo wanasema marehemu hulala na jina lake lote, si nusu, na msalaba wa kaburi utaandikwa Damsoni. Mama Gwakisa amemwambia mkwewe kwamba jina la aliyekufa ni zito kuliko la aliye hai, na ailinde midomo yake. Wiki iliyopita Bahati aliuliza maswali yote mawili, na alipofika kwenye damu, Atupele akatazama chini.

"Si aseme tu anablidi?" Bahati aliuliza, pale pale.

Atupele akalijaribu neno, akacheka. Mama Gwakisa naye nusura acheke. Kisha akauliza neno hilo maana yake nini, Bahati akamweleza, naye akasema, "Basi ni lile lile kwa Kizungu."

Bahati anaweza kujifunza kwamba kwa Atupele utomvu ni damu. Amesharudia mara tatu mbele yangu. Lakini siku Atupele atakapokuwa kitandani wodini, anayemuuliza anaweza kuwa muuguzi kijana aliyetoka mkoa mwingine, ana wajawazito kumi na wawili usiku huo, na hajawahi kubeba mkungu maishani mwake. Atasikia utomvu, ataandika anachokijua. Mimi niliyezaliwa hapa hapa niliandika hivyo. Kwa upande mwingine, nikienda kuwaambia wazee waandike nusu ya jina kaburini, nawaomba wamzike ndugu yao akiwa na upungufu, na Atupele mwenyewe hajaniomba niende. Nilimuuliza anataka nini. Alisema, "Yeye alinipa akiwa hai, mama. Sijui kama bado ni yangu."

Maisha yangu yote nimepatana na mwenye mali. Hapa mwenye mali hayupo, na aliyeachiwa anaogopa kuidai. Ninyi mnaofanya kazi hii sasa, mliosoma kuliko mimi, mnaopita kwenye nyumba ambazo sizijui: mngeanza na nani, wazee, mama mkwe, au Atupele? Mngesema nini sentensi ya kwanza? Nimezigeuza zote tatu, nimezihesabu mara mbili, hazitoki sawa. Nijibuni kupitia Bahati, lakini msichelewe. Fundi ameshasomba kokoto, na zege la kaburi na msalaba wake linamwagwa Jumamosi.